Picha ya Kanvasi kwa Nyumba ya Pemba: Kuchagua, Kuagiza na Kutundika

Nyumba nyingi za Pemba nilizokaribishwa miaka ya karibuni zina picha kubwa ukutani, na nyingi kati ya picha hizo hazina uhusiano wowote na watu wanaokaa chini yake. Utakuta maporomoko ya maji ya nchi za mbali, farasi weupe wakikimbia ufukweni, Mnara wa Eiffel wenye mwavuli mwekundu mbele yake, au jahazi lililopigwa picha na mgeni wakati jua linazama. Zimenunuliwa zikiwa zimekwisha kuwambwa kwenye fremu, na zimechaguliwa kwa kuwa rangi zake zinaendana na makochi. Simlaumu anayezipenda. Hata hivyo naamini kwa dhati kwamba ukuta wa sebule, ambao watoto wa nyumba huutazama kila siku hadi wakue, unastahili picha iliyotoka kwa wenye nyumba wenyewe, na siku hizi mtu wa Wete, Chake Chake au Mkoani anaweza kuiagiza bila ya kuondoka kisiwani. Kinachotakiwa ni kuamua mambo mengi kabla ya kutoa fedha, kwa sababu wino ukishakauka hakuna tena cha kurekebisha.

La kwanza ni picha yenyewe. Kanvasi ni kitambaa, na nyuzi zake huonekana hata baada ya kuchapwa. Kwa hiyo hupokea vizuri picha yenye maumbo makubwa, yenye mwanga na kivuli vinavyopishana, na yenye vitu ambavyo mtu akivitazama hutamani kuvigusa: ngozi, majani, mbao, mchanga uliolowa. Haipokei vizuri picha ambayo uzuri wake umo katika vitu vidogo vidogo. Picha ya harusi ambayo ukoo mzima umepangwa safu tatu mbele ya nyumba ina thamani kubwa, lakini kwenye kanvasi ya ukubwa wa kawaida nyuso za safu ya nyuma huwa ndogo mno, na nyuzi za kitambaa huzivuruga hadi mtu akashindwa kumtambua shangazi yake. Picha ya namna hiyo ichapwe kwenye karatasi laini ya picha. Kanvasi ipewe uso mmoja au nyuso chache, au mahali panapojulikana.

Mahali hapo hatuhitaji kupatafuta mbali. Mchanga wa Vumawimbi wakati maji yamekupwa, magofu ya Ras Mkumbuu, kivuli cha Msitu wa Ngezi, barabara inayopanda na kushuka baina ya vilima: haya yote ni yetu na tunayapita tukiwa na simu mikononi. Picha niliyoitundika mwenyewe ni ya karafuu zilizoanikwa juu ya jamvi, iliyopigwa asubuhi kabla jua halijapanda juu. Nusu ya chini ni karafuu tupu. Zilizochambuliwa usiku wa jana bado zina kijani na wekundu, zilizotangulia zimekwisha kuwa za kahawia iliyokolea, na kwenye mpaka wa rangi hizo mbili umepita mkono wa mwanamke unaozigeuza, bangili moja imeteremka hadi karibu na kiganja, na makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, mawili matatu yamenasa kwenye ukindo wa jamvi. Uso wake hauonekani. Kila mgeni aliyeingia amekwenda kuitazama kwa karibu, na mara nyingi mazungumzo yamehamia kwenye msimu, bei na mashamba ya wazee wake. Mnara wa Eiffel haujawahi kufanya kazi hiyo katika sebule yoyote niliyokaa.

Kisha kuna picha za zamani, na kwa maoni yangu hakuna matumizi bora ya kanvasi kuliko kumrudisha mzee wa nyumba kwenye ukuta wa nyumba. Visiwa hivi vimepigwa picha kwa muda mrefu. A. C. Gomes alikuwa akipiga picha Unguja tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo kwa miongo mingi ilipiga picha za watawala, za mitaa na za familia za kawaida. Wapemba waliovuka kwenda Unguja kwa skuli, biashara au matibabu walirudi na picha za studio ndani ya bahasha, na nyingi bado zimo makabatini, baina ya vyeti na hati za mashamba.

Iangalie moja kwa makini kabla ya kuipeleka popote. Ile ya babu yangu ina kingo zilizokatwa kwa menomeno, naye amesimama na kanzu, koti na kofia ya kiua, mkono mmoja umewekwa juu ya meza ndogo yenye chombo cha maua. Ukiinamisha picha kwenye mwanga wa dirisha, sehemu za koti zenye weusi hutoa mng'aro wa fedha. Hiyo ni fedha kweli, iliyomo katika utengenezaji wa picha za nyeusi na nyeupe, ambayo kwa unyevu na miaka imepanda juu ya uso wa karatasi. Mng'aro huo ukipigwa picha kwa simu hugeuka doa jeupe kifuani mwa mzee. Ndiyo maana picha ya zamani haipigwi picha, bali huingizwa kwenye skana, ikalazwa kifudifudi, na skana ikawekwa nukta 600 kwa kila inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ikipita hapo hutoa faili la pikseli (vinukta vinavyoiunda picha) 2362 kwa 3543, na faili hilo linatosha kwa kanvasi ya sentimita 60 kwa 90 itakayotazamwa kutoka upande wa pili wa chumba. Kama picha imegandana na kioo cha fremu yake, isibanduliwe kwa nguvu, kwani uso wa mtu utabaki kwenye kioo. Iingizwe kwenye skana pamoja na kioo chake.

Hapa lazima niseme jambo linalonikera. Kuna programu za simu zinazochukua picha iliyofifia na kuirudisha iking'aa, macho yamekoza na ngozi haina hata mkunjo. Programu hizo hazirudishi kilichopotea. Hubuni sura kutokana na nyuso nyingine zilizofunzwa nazo, na mara nyingi anayerudi si mzee wako bali ni mtu anayefanana naye. Nimeona picha ya bibi mmoja wa jirani ikirudi na pua isiyokuwa yake na meno ambayo hakuwahi kuwa nayo, na wajukuu waliozaliwa baada ya kufa kwake sasa wanaamini ndivyo alivyokuwa. Ufa na doa vinaweza kuzibwa kwa mkono na mtu anayejua kazi hiyo, lakini uso uachwe na ufifi wake. Kanvasi, kwa kuwa ni kitambaa, huusamehe ufifi kuliko karatasi inavyousamehe.

Kabla ya kuamua, waulizwe wenye kuhusika. Sebule ya Pemba hupokea watu wengi: majirani, wakwe, mafundi, watu wa posa. Nilipotaka kuchapa picha ya ujanani ya shangazi yangu, nywele zimesukwa na mtandio umeteremka mabegani, nilimwendea na kumwomba ruhusa. Akaitazama kwa muda mrefu huku akitabasamu, kisha akasema, "Mwanangu, picha hii niliipiga kwa ajili ya ndugu zangu, si kwa ajili ya kila anayepiga hodi." Ikachapwa ndogo na kutundikwa chumba cha ndani, na hapo ndipo mahali pake. Ziko pia nyumba ambazo hazitundiki kabisa picha ya kiumbe chenye roho, na kwa nyumba hizo majani ya mikarafuu, milango ya nakshi, mitumbwi iliyopumzika na kuta za magofu hazina upungufu wowote wa uzuri.

Suala la ibada linahusu pia ukuta gani utumike. Pemba na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kwa hiyo kibla chetu kinaelekea kaskazini takriban moja kwa moja. Ukuta wa kaskazini wa sebule ndio utakaokuwa mbele ya anayesali hapo, na ni adabu uachwe mtupu. Ukuta wa mashariki nao una tatizo lake: jua la alasiri huingia chini kwa chini kupitia madirisha ya magharibi na kuupiga hadi linapokaribia kuzama, na hakuna rangi inayopenda kupigwa na jua kila siku. Katika nyumba nyingi unaobaki bora ni ukuta wa kusini, au ule wa magharibi ikiwa madirisha ya mashariki yana baraza linalozuia jua la asubuhi. Simama katikati ya chumba saa tatu asubuhi, kisha urudi saa kumi jioni, utaona mwenyewe mwanga unapoangukia.

Ukuta ukijulikana, vipimo huja vyenyewe. Picha iliyo juu ya kochi hukaa vizuri ikiwa na upana wa karibu theluthi mbili ya upana wa kochi hilo. Ikiwa ndogo zaidi huonekana imepotea, na ikilingana na kochi huubana ukuta. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kukata gazeti au karatasi kwa kipimo unachokifikiria, kuibandika ukutani kwa gundi ya karatasi na kuishi nayo siku chache. Kumbuka pia kwamba mashine nyingi za kuchapia kanvasi hutumia majora ya kitambaa yenye upana wa inchi 24, 36 au 44, yaani takriban sentimita 61, 91 na 112, na kwamba sehemu ya kitambaa hutumika kukunjwa nyuma ya fremu. Upande mfupi wa picha yako hauwezi kuzidi kipimo hicho.

Sasa faili. Kanvasi inayotazamwa kwa umbali wa mita mbili hivi inaridhisha ikiwa na nukta 150 kwa inchi, na hata 100 zinavumilika. Kwa sentimita 60 kwa 90, nukta 150 zinataka pikseli 3543 kwa 5315, yaani karibu pikseli milioni 19, na nukta 100 zinataka zaidi kidogo ya milioni 8. Simu nyingi za sasa zinafikia kipimo cha pili bila ya shida. Tatizo hutokea njiani. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguzwa hadi kiasi cha pikseli 1600 kwa upande mrefu, na ukizitandaza hizo juu ya sentimita 90 unabaki na nukta 45 tu kwa inchi: uso wenye ukungu na kingo zenye ngazi ngazi. Itume kama hati, au kwa barua pepe, au uipeleke ndani ya flashi. Picha iliyokwisha kupita kwenye makundi ya familia usiitumie kabisa. Mtafute aliyeipiga akupe faili la asili. Na zile zinazookotwa intaneti, mbali ya kuwa ndogo, zina wenyewe, na Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu 2003.

Uwiano wa pande ni jambo dogo linaloharibu picha nyingi. Simu hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, kamera kubwa kwa 3 kwa 2, na kanvasi zinazouzwa sana, kama 50 kwa 70, hazilingani na zote mbili. Lazima kitu kikatwe. Usimwachie mchapaji aamue kitakachokatwa, kwani duka moja lilimkabidhi ndugu yangu picha ya mahafali ambayo kofia ya mwanawe imeishia kwenye ukingo wa juu, na hoja yao ilikuwa kwamba mashine ndiyo iliyokata. Kata mwenyewe kwenye simu kwa uwiano halisi wa kanvasi, au chagua kanvasi inayolingana na picha: 60 kwa 80 kwa picha ya simu, 60 kwa 90 kwa picha ya kamera.

Ukingo una maswali yake pia. Fremu za mbao huwa na unene wa takriban sentimita 2 au 4, na kitambaa hukunjwa kuzizunguka. Ama picha yenyewe iendelee ubavuni, ama ubavu uakisi sehemu ya mwisho ya picha, ama upakwe rangi moja. Kwa sura za watu mimi huchagua rangi moja, kwa kuwa sikubali bega la mtu likunjwe upande. Kwa karafuu niliacha picha iendelee, na hapo ni lazima picha iwe na sentimita 5 za ziada kila upande zisizo na kitu cha maana.

Ukizungumza na mchapaji, muulize mambo matatu na usikilize namna anavyojibu. Uliza kitambaa ni cha nini: pamba, poliesta, au mchanganyiko. Pamba ina sura nzuri zaidi lakini hunywa unyevu, na katika hewa yetu ya chumvi mchanganyiko hutulia zaidi. Wengine hutumia plastiki ile ile ya mabango ya uchaguzi na kuiita kanvasi. Utaitambua kwa mng'aro wake, kwa harufu kali ya dawa, na kwa kuwa nyuma yake haina nyuzi. Uliza wino ni wa aina gani. Wino wa pigimenti, ambao rangi yake ni chembe ngumu, hustahimili mwanga kwa muda mrefu kuliko wino ambao rangi yake imeyeyushwa kama ya nguo. Uliza pia kama wanapaka vanishi juu, kwani bila hiyo kidole chenye jasho kinaacha alama.

Halafu omba kipande cha majaribio, hata cha ukubwa wa kiganja, chenye uso wa mtu. Skrini ya simu hutoa mwanga wake yenyewe na karatasi haitoi, kwa hiyo picha iliyochapwa huwa na giza zaidi, na anayeumia zaidi ni mtu mwenye ngozi nyeusi aliyepigwa kivulini. Shavu na kivuli chake huungana na macho yakabaki peke yake. Mchapaji anayejua kazi atainua mwanga wa sehemu za katikati bila ya kuifanya ngozi kuwa ya kijivu. Asiyejua atakwambia picha ndivyo ilivyo. Kwa huyo wa pili, chukua faili lako uende zako kwa heshima.

Kwa sisi wa Pemba usafiri ni sehemu ya uamuzi. Kanvasi iliyokwisha kuwambwa ikipandishwa kwenye boti pamoja na magunia na masanduku hufika Mkoani na tundu au na kona iliyopinda. Nashauri ichapwe Unguja au Dar es Salaam, isafirishwe ikiwa imezungushwa, na iwambwe hapa. Izungushwe uso ukiwa nje, kwa duara pana, kwa sababu uso ukiwa ndani vanishi hujikunja na kupata nyufa. Iingizwe ndani ya kipande cha bomba la plastiki la maji, ncha zizibwe, na mpe mtu unayemjua aishike mkononi. Fundi seremala yeyote makini ataweza fremu, mradi mbao ziwe kavu kabisa, zimenyooka, na zimetiwa dawa ya wadudu. Paini nyepesi iliyokauka inafaa kuliko mbao nzito mbichi. Mwambie kingo za mbele azipunguze kidogo kuelekea ndani ili mbao isiguse mgongo wa picha, na kwenye kona aache nafasi ya kabari ndogo. Kitambaa huwambwa kama ngoma: kuanzia katikati ya kila upande kwenda kwenye kona, upande huu kisha wa pili, pini za chuma kisichoshika kutu zikifuatana. Masika ikiingia na kitambaa kikalegea, kabari hizo hugongwa kidogo kikakaza tena.

Kutundika kunategemea ukuta. Ukuta wa matofali uliopigwa plasta ya saruji hutobolewa kwa mashine, ukatiwa kiplastiki na skrubu. Ukuta wa zamani wa mawe na chokaa ni kazi nyingine, kwani msumari ukigongwa kwa nyundo chokaa humeguka pande kubwa. Toboa taratibu bila ya mtikiso hadi ufikie jiwe. Katikati ya picha ikae kiasi cha sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, lakini kwa chumba ambacho watu hukaa chini kwenye zulia na mito, iteremshe. Nyuma ya kona mbili za chini bandika vipande vya raba ili hewa ipite baina ya kitambaa na ukuta. Bila ya nafasi hiyo, unyevu wa Aprili na Mei hubaki hapo na koga huanzia nyuma, mahali asipotazama mtu.

Usafi wake ni kitambaa kikavu na laini tu, bila maji wala sabuni. Mara moja kwa mwaka, mvua za masika zinapokwisha, ishushe, itazame mgongo wake, ipungie hewa kivulini kwa siku nzima na ukaze kabari. Faili lake liweke sehemu mbili zilizo mbalimbali, moja nje ya simu yako, na nyuma ya fremu andika kwa penseli jina la aliyemo, mahali, mwaka kama unajulikana, na jina la aliyepiga picha.